Mnyoo wa Mistari ya Kahawia

Najua mnaniita Bibi Minyoo. Msidhani sisikii. Mkipita hapa kwangu kwenda bombani mnanong'ona, na yule mwenye sauti nene kuliko wenzake ndiye huwa anaanza. Jina halinikeri. Kinachonikeri ni kwamba hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuingia uani akasema shikamoo bibi, ni minyoo gani hiyo? Mngeuliza ningewaambia bure. Sasa mwalimu wenu wa baiolojia ameniomba niandike, basi naandika, na mtasoma kwa lazima. Shauri yenu.

Kwanza, ondoeni tumboni mawazo yenu. Mimi sikushughulika na minyoo ya tumbo wala ya shambani. Nimefanya kazi sehemu kubwa ya maisha yangu na minyoo ya bahari, tena ya kilindini, kule ambako jua halifiki. Mwili wa mnyoo huyo una pingili kama muwa, na kila pingili ina vijiguu viwili vyenye singa, yaani vinywele vigumu vya kujishikilia matopeni. Wapo wenye taya ndani ya koo, wanazitoa nje wakitaka kuuma kisha wanazirudisha. Ukimwangalia kwa macho matupu utasema huu ni uzi umekatika kwenye kanga. Mweke chini ya hadubini, utaomba kumwona tena.

Mtasema, bibi anatudanganya, bahari ya wapi na sisi tuko juu hapa Newala, maji ya kunywa tu tunayasubiri? Ni kweli, na mimi mwenyewe niliuliza hivyohivyo. Mimi ni mtoto wa Chilangala. Bahari niliiona nikiwa na mtoto wa pili mgongoni. Lakini minyoo niliikuta hapahapa, ndani ya kiwanda cha korosho.

Kiwanda mnakifahamu, ni yale majengo ambayo siku hizi yamekuwa maghala. Mimi niliajiriwa pale kuchambua korosho zilizobanguliwa: nzima huku, vipande huku, zilizoungua kule, zenye doa kule. Kilikuwa na chumba kidogo cha kupimia ubora, chenye meza ndefu, masinki mawili na hadubini moja ya kioo, ile isiyotumia umeme, unageuza kioo chake dirishani kukinga mwanga wa jua. Halafu ikaja ile miaka ya soko huria. Masasi maduka yakajaa sabuni za kunukia na redio na mitumba, watu wakavaa vizuri kuliko zamani, na wakati huohuo viwanda vyetu vikafungwa kimoja baada ya kingine. Chetu kilifungwa mashine zikiwa bado zina mafuta. Tukaambiwa tukae nyumbani tusubiri. Nilisubiri nikachoka.

Ndipo akaja Mwalimu Ishengoma. Huyu alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mpole, anavaa sweta hata mchana, maana baridi yetu ya mwezi wa sita ilimshinda. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kituo kimoja cha utafiti pwani. Meli ya kigeni ilikuwa imepita kuchunguza sakafu ya bahari mbele ya Mtwara, ikachota matope kilindini, na kwa makubaliano nusu ya matope yale ikaachwa nchini ndani ya chupa na madumu. Kisha jengo la kituo likauzwa kwa mfanyabiashara. Watafiti wakatawanyika, chupa zikabaki hazina pa kwenda. Mwalimu akapata kazi ya kufundisha hapa Newala, akaomba kile chumba cha kiwanda, akapewa, kwa kuwa hakuna aliyekitaka. Akazipandisha chupa zake milimani kwa lori lililoshusha korosho bandarini na lilikuwa linarudi tupu. Aliniambia baadaye kwamba ubaridi wetu uliokuwa ukimtesa ndio uliomleta, sababu pwani spiriti ya kuhifadhia ilikuwa inakauka upesi kwa joto.

Alitafuta mtu wa kuchambua. Watu wakamwambia, mtafute Mama Salumu, yaani mimi, huyo ana jicho. Nikaenda. Akanimwagia kijiko cha matope kwenye sahani ya kioo akanipa kibano, akaniambia nitoe kila kitu ambacho si matope. Nikatoa. Korosho na minyoo kazi ni ileile jamani, unachoshindana nacho ni usingizi wako mwenyewe.

Sasa niwape mambo machache ya kazi, yatawafaa hata kama hamtaona mnyoo maishani. Usimshike mnyoo kichwani wala mkiani, mshike katikati, kwa kuwa kichwa na mkia ndivyo vinavyomtambulisha, ukivivunja umebaki na kamba. Usihamishe mnyoo kabla hujaandika lebo yake. Andika kwa penseli, wino unayeyuka kwenye spiriti. Kwenye mchoro wako uchore unachokiona, usichore unachokitarajia, na hili ndilo gumu kuliko yote, mtaona.

Na maji. Mwalimu alikulia ufukweni mwa ziwa kubwa, alikuwa anaosha matope kwenye chekeche huku anaimba, bomba wazi, maji yanakwenda zake. Nilivumilia siku ya kwanza. Siku ya pili nikamfungia bomba mkononi. Nikamweleza kuwa maji yale yanasukumwa kutoka bondeni kwa mashine, mashine ikiharibika wanawake wanashuka na kupanda kilima na ndoo kichwani, na mimi nimeshuka na kupanda kilima hicho na mimba. Hakukasirika. Tangu siku hiyo tuliosha kwenye karai, tukayachuja maji ya karai tukayatumia tena, na kwenye chujio hilo la pili tulipata minyoo midogo ambayo yeye pwani alikuwa anaimwaga bila kujua. Alicheka mwenyewe mpaka akakaa chini. Mwalimu alikuwa na sifa hiyo, kosa lake lilikuwa linamfurahisha.

Tatizo letu kubwa lilikuwa spiriti. Chupa inavuja mvuke polepole, usipoijazia, mnyoo anakauka anakuwa ganda. Ile aliyokuja nayo ikaisha. Ya hospitali haikutosha hata kwa hospitali yenyewe. Mwalimu akawa anazunguka na chupa zake usoni ana huzuni ya mfiwa.

Nyie mnajua kinachofanyika hapa msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho. Mabibo yanakamuliwa, maji yake yanachachuka yanakuwa uraka, na uraka ukipikwa na mvuke wake ukakingwa unakuwa gongo. Serikali inakataza na mimi dini yangu inakataza. Lakini gongo ikipikwa mara ya pili, taratibu, ukachukua ile ya mwanzo tu, inawaka moto wa bluu, na kitu kinachowaka moto wa bluu mnyoo analala humo bila tabu. Nilimwambia Mwalimu. Akaniuliza tutaipata wapi. Nikamwambia, hiyo niachie mimi.

Mpikaji alikuwa Mama Esta, mwanamke wa Lupaso aliyeolewa huku, mkristo mzuri, anaimba kwaya, na jikoni kwake pakipita polisi anawapa viti. Nilimweleza ninachotaka. Akaniuliza kama mume wangu anajua. Mume wangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akiadhini katika msikiti wa mtaani kwetu. Nikamwambia ni ya minyoo. Akasema sawa, wateja wake wote huwa wana sababu.

Basi nikawa naonekana nikitoka kwa Mama Esta na dumu kichwani, nimejifunika vizuri na baibui langu. Mtaa ukachangamka. Bwana mmoja akamfuata mume wangu akamwambia kwa huruma kwamba mkewe amepotea. Mume wangu akaja kiwandani, akasimama mlangoni anaangalia chupa zimepangwa ukutani na viumbe ndani yake. Mwalimu akamwekea mnyoo kwenye hadubini. Baba Salumu aliinama akaangalia, akainuka, akasema subhanallah, akaondoka. Jioni aliniomba kitu kimoja tu, nibebe dumu ndani ya kikapu.

Sasa nifike kwenye mnyoo mwenyewe.

Alitoka kwenye chupa ya matope ya mbali sana chini. Urefu wake kama kidole changu cha shahada, mzima, kichwa mpaka mkia, na kwa minyoo ya kilindini kumpata mzima ni bahati. Tulimtunza kwenye chupa yake peke yake. Baada ya wiki kadhaa Mwalimu alimtoa ili amchore, akaniita kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Mnyoo alikuwa na mistari. Kila zilipoungana pingili na pingili kulikuwa na mstari mwembamba wa kahawia, umezunguka mwili, safi, kama mtu kachora kwa kalamu. Tulifungua vitabu vyote alivyokuwa navyo. Walikuwepo minyoo wa jamaa ile, wenye kichwa kile na vijiguu vile, lakini hakuna hata mmoja mwenye mistari.

Spishi mpya, jamani. Kiumbe ambaye Mungu anamjua na binadamu bado.

Lazima mwelewe kilichokuwa kinatukabili wakati ule, maana ndicho chote. Mwalimu alikuwa ameambiwa jina lake limo katika watu wa kupunguzwa kazini. Chumba kile kilikuwa kinatakiwa na mnunuzi binafsi wa korosho. Mtaalamu mmoja wa makumbusho ya ng'ambo, aliyekuwa akiandikiana na Mwalimu tangu enzi za pwani, alikuwa amemwahidi jambo moja: tukithibitisha hata spishi moja mpya kutoka kwenye matope yale, makumbusho yao yatatugharimia chumba, spiriti na mishahara, tuendelee mpaka chupa ziishe. Tusipopata, hana cha kuwaambia wakubwa zake. Kwa hiyo mnyoo yule alikuwa ni kazi ya Mwalimu na kazi yangu na karo ya mwanangu Salumu aliyekuwa anaanza sekondari Chidya. Vyote vilikuwa vimelala ndani ya chupa ya jamu.

Mwalimu akamchora, akaandika maelezo, akatuma. Jibu lilikuja la furaha. Mtaalamu alisema mistari ile inatosha kumtofautisha, maelezo yatachapishwa, tumtunze mnyoo salama mpaka atakapokuja mtu kumchukua. Nilinunua kilo ya nyama siku hiyo. Mwalimu alinunua sweta jingine.

Nimeshawaambia hii ni habari ya kuchora unachotarajia. Haya.

Asubuhi moja ya ukungu Mwalimu alikuwa anajazia chupa. Akaishika ile ya mnyoo wetu, akaigeuza kwenye dirisha, akaisogeza karibu na macho. Ndani ya kila chupa huwa kuna lebo, na lebo zetu tulizifunga kwa uzi wa pamba ili zisielee. Akaniuliza, bila kunitazama, uzi ule tulinunua wa rangi gani. Nikamjibu mweupe. Akanipa chupa.

Uzi ulikuwa mweupe kweli, ila kwenye fundo na kila ulipojikunja ulikuwa na rangi ya kahawia. Kahawia ileile.

Nyie ni watoto wa mikorosho. Mnajua doa la bibo. Likigusa shati la shule ndio basi, utafua kwa sabuni, kwa jivu, kwa chumvi, doa linakutazama tu. Mimi nilichapwa na mama yangu kwa doa la bibo sijui mara ngapi. Na mtu kama mimi, niliyezaliwa chini ya mikorosho, nikachambua korosho, nikabeba gongo ya mabibo kwa kichwa changu, nililiangalia doa la bibo kila siku ya kazi na nikaliita urembo wa bahari. Mama Esta tulipomuuliza alisema mara moja, bila wasiwasi: dumu moja alilotupatia lilikuwa la kubebea maji ya mabibo, alilisuuza, lakini nyie si mlisema ni ya minyoo, minyoo inajali? Yale maji yalikuwa yamejipenyeza kwenye kila mkunjo wa uzi na kila mkunjo wa mnyoo. Yaani mstari wetu ulikuwa umetoka kwa Mama Esta. Nilicheka, halafu cheko likakatika katikati, nikaona kazi na chumba chetu vinaondoka.

Nilimwambia Mwalimu palepale kwamba mbona bado hatujui. Labda ni mpya hata bila mistari. Akasema labda. Kwenye jamaa ile ya minyoo, ukiondoa rangi, kinachowatofautisha ni taya, idadi ya meno yake na umbo lake. Na taya ziko ndani ya koo. Kuziona, unapasua shingo. Tulikuwa na mnyoo mmoja.

Mnaona palipobana? Maelezo yalikuwa yameshakubaliwa. Mtu wa kumchukua angekuja, angemkuta na mistari yake. Hata ingefifia baadaye, nani angeuliza, minyoo yote hufifia kwenye spiriti. Akipasuliwa, kulikuwa na mambo mawili: taya ziwe tofauti, tupone, au ziwe zilezile, tukose vyote. Akiachwa, tulikuwa tumeshapona.

Ukungu wa siku ile ulikuwa mzito, hadubini yetu haikupata mwanga. Ikabidi tusubiri. Mwalimu alinoa wembe kwenye jiwe, akasafisha sahani, akaketi mikono magotini. Mimi nilizunguka chumba. Nilipanga chupa zilizokwisha kupangwa. Niliuombea ukungu usiondoke, nawaambia kweli, niliomba dua ya ukungu. Mnamo saa nne jua likatokeza upande wa bonde la Ruvuma, na kioo cha hadubini kikapata mwanga mweupe mzuri, mzuri kuliko siku zote.

Nikaweka mkono wangu juu ya sahani.

"Mwalimu, usimkate. Nakuomba. Nina watoto."

Alisubiri. Mwalimu hakuwa mtu wa kuondoa mkono wa mtu.

"Mama Salumu," akasema, "huyu mnyoo hajui kama tunamhitaji. Amekuwa hivyo alivyo kabla yetu. Sisi tumeulizwa yeye ni nani, basi. Hatukuulizwa tunataka awe nani."

"Na watoto wangu niwaambie nini?"

"Hilo sina jibu lake," akasema. "Ningekuwa nalo ningekupa."

Nikaondoa mkono. Sijui hadi leo kwa nini niliuondoa. Nadhani ni kwa sababu aliniambia hana jibu, angenihubiria ningeushikilia.

Alipasua vizuri. Mkato mmoja, mfupi, chini ya shingo, akafungua kwa sindano mbili. Taya zilikuwa nyeusi, zinang'aa. Alihesabu meno kushoto, akahesabu kulia, akanipisha nihesabu na mimi. Kisha akafungua kitabu kwenye mchoro wa mnyoo aliyeelezwa zamani, na watu wa zamani, kutoka bahari nyingine kabisa. Nilitaka kuona tofauti. Nililazimisha macho yangu yaone tofauti. Yalikuwa ni meno yaleyale, idadi ileile, hata kale ka mwisho kalikopinda.

Mwalimu alitoa lebo ya zamani, akakata mpya, akaandika kwa penseli jina la mnyoo yule, jina alilopewa na wengine, kwa mwandiko wake mzuri wa ualimu. Akaifunga kwa uzi mpya. Halafu akaketi kuandika kwa mtaalamu kwamba tafadhali asichapishe.

Mimi nilimtukana. Siwafichi. Nilimwambia yeye hana mtoto hapa, atapanda basi atarudi kwao kwenye ndizi zake, na sisi atuache na mavumbi. Nilimwambia uhakika wake haununui unga. Alikubali kwa kichwa kila nililosema, na hilo lilinichoma zaidi. Niliondoka bila kuaga. Nilimchukia, wanangu, chuki ya kweli ya kuamka nayo asubuhi.

Ikawa kama tulivyojua itakuwa. Makumbusho yakashukuru, yakafunga habari yetu. Mwalimu akapunguzwa. Mnunuzi wa korosho akapewa jengo na akataka chumba. Siku Mwalimu anaondoka alikuja nyumbani kwangu, nikamtuma Salumu aseme sipo. Aliacha hadubini? Hapana, haikuwa yake, ilibaki na jengo. Aliacha vitabu vyake vya minyoo, vyote, kwenye sanduku la sabuni, na ujumbe kwamba chupa zitatupwa mwisho wa mwezi.

Sikulala na wazo hilo vizuri. Mimi nilifundishwa kiwandani kwamba gunia lililofunguliwa linachambuliwa mpaka chini. Nikaenda na toroli la jirani, nikahamisha chupa na madumu yote hapa nyumbani, kwenye kile chumba cha uani mnachokiona. Mume wangu akasaidia kusukuma. Nikauza mitumba mnadani Masasi, nikabangua korosho za watu nyumbani, Salumu akachelewa shule akaanza mwaka uliofuata. Na kila chupa ilipopungua nilikwenda kwa Mama Esta, ila sasa na dumu langu mwenyewe.

Miaka ikapita. Kituo cha pwani kikafufuliwa kwa fedha za mradi, watu wakaja wanatafuta matope ya ile meli, wakaelekezwa kwa mwanamke mmoja Newala mwenye gongo chumbani. Wakazikuta chupa zote zina unyevu, lebo zinasomeka. Wakanichukua pamoja na chupa. Ndivyo nilivyofika Mtwara, ndivyo nilivyokaa huko mpaka kustaafu.

Na huko, kwenye dumu moja ambalo mimi na Mwalimu hatukuwahi kulifungua, nikapata minyoo mitatu midogo, myembamba, hata singa zake huzioni mpaka uzitafute. Haina rangi yoyote. Haina urembo wowote. Nilianza kuitafutia jina kwenye vitabu vya Mwalimu, kila jina nililolijaribu likagoma. Vijana wa kituo wakaanza kushangilia mapema, mmoja akaleta soda. Nikawaambia wairudishe. Nilichukua muda mrefu sana. Nilijaribu kuifanya minyoo ile iwe ya spishi ya zamani kwa kila njia niliyoijua. Nilipata maumivu ya mgongo yasiyonitoka hadi leo. Mwisho sikuwa na namna nyingine iliyobaki ila kukubali kuwa ni mpya, wala wale wa ng'ambo tuliowaandikia hawakuwa nayo.

Siku ilipothibitishwa nilimtafuta Mwalimu. Kwa watu wa Bukoba waliokuwa Mtwara nikapata namba ya simu ya dukani kwa mdogo wake. Nikapiga nikaambiwa nisubiri, wanamwita shambani. Nilisubiri nimeshika ile simu kwa mikono miwili, sijui nianze na lipi, na samahani au na habari. Nikasikia mtu anahema. Nikasema shikamoo Mwalimu, ni Mama Salumu. Akaitikia marahaba. Nikamwambia tumepata spishi mpya. Moja. Kutoka kwenye matope yake.

Nilidhani atafurahi kwa sauti, au atalia, au atanikumbusha jinsi nilivyomsema.

"Ulimkata?" akauliza.

"Niliwakata wawili, Mwalimu. Nikabakiza mmoja."

Nikamsikia anavuta kiti, anakaa.

"Basi niambie meno yake," akasema. "Anza kushoto."